Chelezo hakizami kwa risasi

Nimekulia Changamwe, ambako mtoto hujifunza mapema kukatisha maneno ndege ikipita, kisha akaendelea na sentensi pale pale alipoiachia. Uwanja wa ndege wa Moi tulikuwa tukiuita Port Reitz, kama walivyouita wazee, na wazee walikuwa na habari zao za ndege za "vita vya Hitla" zilizokuwa zikiruka hapo kwenda kuwinda baharini. Kuwinda nini, hatukuuliza. Tulikuwa tunasubiri wamalize tupate ruhusa ya kwenda kucheza.

Jibu nilikuja kulipata ukubwani, nikiwa tayari nakula kwa bahari. Tarehe 12 Septemba 1943, kikosi nambari 621 cha jeshi la anga la Uingereza kiliundwa hapo hapo Port Reitz, kikapewa ndege za injini mbili aina ya Wellington na kazi ya kusaka nyambizi. Mwaka haujesha, kikahamishiwa Khormaksar, Aden. Mei iliyofuata, ndege za kikosi hicho ziliibana nyambizi moja ya Kijerumani kwenye pwani ya Somalia mpaka ikapwelewa. Nambari yake U-852.

Ukimtajia mtu wa pwani Mjerumani na vita vya majini, atakukumbusha Königsberg iliyojificha Rufiji hadi ikamalizwa mwaka 1915. Hiyo ilikuwa manowari ya juu ya maji, na vita vile vilikuwa vya kwanza. U-852 haina umaarufu wa namna hiyo. Ilitoka safari moja tu ya vita na kuzamisha meli mbili, wakati mwenzake U-48 alizamisha zaidi ya 50. Kwa hesabu ya makamanda wa wakati ule, hiyo ni nyambizi ya kusahaulika. Mimi imenikaa kichwani kwa sababu ya jambo lililofanyika kwa muda wa saa tano, usiku mmoja wa Machi 1944. Nimefanya kazi ya sitaha miaka kumi na minne, na sehemu ya kazi hiyo ni kutunza vyelezo, vile vya kuokolea watu meli ikizama.

Tuanze na chombo chenyewe. Kilijengwa Bremen katika karakana za AG Weser, kikashushwa majini Januari 1943, na tarehe 15 Juni mwaka huo kikakabidhiwa kwa nahodha wake wa kwanza na wa mwisho, Heinz-Wilhelm Eck. Kilikuwa cha aina ya IXD2, nyambizi kubwa za masafa marefu: mita 87 kutoka omo hadi tezi, mirija sita ya topido, topido 24, na mafuta ya kwenda zaidi ya maili 23,000 za bahari bila kuongeza. Ukipiga hesabu, hayo ni mafuta ya kutoka Ujerumani hadi Malaya na bado ukabaki na akiba nzuri ya kurudia.

Watu wakisikia nyambizi hudhani ni chombo kinachoishi chini kama samaki. Zile za zama zile hazikuwa hivyo. Zilikuwa meli za kawaida zenye uwezo wa kujificha, kama kaa anavyoingia shimoni akiona kivuli. Juu ya maji U-852 ilitumia injini za dizeli na kukimbia maili 19 za bahari kwa saa. Chini ilitegemea betri, na huko mwendo wake ulikuwa wa mtu anayewahi matatu: maili nne kwa saa, na baada ya maili 57 hivi betri zimekwisha. Ikifika hapo hakuna ujanja, lazima iibuke, ivute hewa, iwashe dizeli na kuchaji upya. Kwa hiyo adui wake mkubwa hakuwa manowari. Alikuwa ndege, maana ndege ikishajua kwamba upo mahali fulani, inaweza kungoja. Wewe huwezi.

Kuna kifaa kimoja ambacho kila nikikisoma hucheka kidogo. Mtu aliyesimama kwenye mnara wa nyambizi yuko chini sana, haoni mbali. Wajerumani wakabuni tiara ya kumbeba mtu, Fa 330, wakaiita Bachstelze, jina la yule ndege mdogo anayetikisa mkia. Haikuwa na injini. Ilikuwa na kiti, vyuma vyembamba, na pangaboi juu lililozungushwa na upepo tu. Nyambizi inakimbia, tiara inavutwa kwa kamba, baharia anapaa mita 120 hivi angani na darubini na simu, anatazama kama kuna moshi wa meli upeoni. Ndege ya adui ikitokea, nyambizi inataka kuzama haraka, na jamaa bado yuko juu. Alikuwa na mkono wa kuvuta ili pangaboi likatike na mwavuli ufunguke. Baada ya hapo ilikuwa ni yeye, maji, na huruma ya nahodha. U-852 ilibeba moja ya tiara hizo.

Safari ilikuwa ya Penang, huko Malaya, kujiunga na kundi la nyambizi za Kijerumani lililoitwa Monsun. Neno hilo tunalijua, ingawa kwa sura nyingine. Ni msimu wetu huu huu, mausimu ya Waarabu, neno ambalo manahodha wa majahazi walilitumia kwa pepo za kaskazi na kusi zilizowaleta Lamu na kuwarudisha Maskati. Lilipita kwa Wareno, likazunguka Ulaya, likarudi Bahari ya Hindi limepakwa rangi ya kijivu na kubebeshwa topido.

Eck aliondoka Kiel tarehe 18 Januari 1944, akiwa na miaka 27. Mzaliwa wa Hamburg, jeshini tangu 1934, miaka mingi ya vita ameitumia kwenye meli za kufagia mabomu ya majini. Hakuwa amewahi kuongoza nyambizi vitani. Kabla ya kuondoka alipewa habari ambayo ingemnyima usingizi mtu yeyote: nyambizi nne za aina yake zilizotangulia njia hiyo, U-847, U-848, U-849 na U-850, zote zilizamishwa Atlantiki kati ya Agosti na Desemba 1943 na ndege za Marekani. Nne kwa mfululizo, kama mtu anayehesabu kwa vidole, na yake ikiwa mbili tu mbele. Aliambiwa pia kwamba eneo baya kuliko yote ni kati ya Freetown na kisiwa cha Ascension, kulikokuwa na uwanja wa ndege wa Wamarekani, na kwamba mabaki ya meli iliyozama yanaweza kumwonyesha rubani pa kuanzia kusaka. Nayasema haya yote kwa sababu sitaki mtu aniambie namchora shetani. Alikuwa kijana mwenye hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu.

Tarehe 13 Machi 1944, katika eneo lile lile aliloonywa, akaiona Peleus. Meli ya Kigiriki ya mizigo, tani 4,695, iliyokodiwa na serikali ya Uingereza, imetoka Freetown kwenda Buenos Aires. Haikuwa na shehena, ilibeba farumi tu, uzito wa kuituliza meli tupu. Mabaharia wake walikuwa mchanganyiko ambao mtu wa meli anaujua bila kuambiwa: Wagiriki wengi, Waingereza kadhaa, Wamisri, Wachina, Mrusi, Mpolandi, Mchile, na mmoja wa Aden. Ukiingia messi ya meli yoyote leo, majina ya nchi yamebadilika lakini meza ni ile ile.

Giza lilipoingia akafyatua topido mbili, zote zikapiga. Peleus ilikwenda chini kwa dakika chache sana. Hakukuwa na muda wa kushusha mashua. Waliopona ni wale waliotupwa majini na kuvidaka vyelezo vilivyojitenga meli ilipozama.

Nyambizi ikasogea polepole hadi kwao. Ofisa wa tatu wa Peleus, Agis Kefalas, akaitwa pamoja na baharia mmoja, wakahojiwa: meli gani, mnatoka wapi, mnakwenda wapi. Wakajibu. Wakarudishwa kwenye chelezo. Nyambizi ikaondoka kama mita elfu moja, na huko Eck akawaambia maofisa wake uamuzi aliofikia, kwamba mabaki yote yaangamizwe ili ndege zikija asubuhi zisione kitu. Vyelezo vilikuwa ndivyo mabaki makubwa, na juu ya vyelezo kulikuwa na watu.

Injinia mkuu, Hans Lenz, alimwambia wazi kwamba hakubaliani. Eck akamjibu kwamba ameshaamua. Silaha zikapandishwa. Nyambizi ikarudi, ikawashiwa taa, na bunduki za rashasha zikaanza. Baharia mmoja, Wolfgang Schwender, aliamriwa kupiga, akapiga. Ofisa August Hoffmann alipiga na kurusha mabomu ya mkono. Daktari wa chombo, Walter Weisspfennig, naye alishika rashasha. Daktari. Yule ambaye sheria za vita zinamkinga adui asimpige kwa sababu kazi yake ni kuponya.

Na Lenz? Hapa ndipo nilipoacha kusoma mara ya kwanza nikatoka nje kuvuta hewa. Lenz, aliyekuwa amepinga, alipanda sitahani, akamwona Schwender ameshika bunduki, akamnyang'anya, akapiga yeye. Maelezo aliyoyatoa baadaye ni kwamba Schwender alikuwa askari mbovu mwenye rekodi mbaya, na yule mtu wa kwenye chelezo, aliyekuwa amehojiwa kistaarabu muda mfupi uliopita, hakustahili kuuawa na mtu wa hadhi ile. Nimeusoma utetezi huo mara nyingi. Nadhani aliusema kwa moyo wote, na hilo ndilo linalonitisha.

Kazi ile ilichukua karibu saa tano, hadi saa saba usiku. Na vyelezo havikuzama.

Ngoja nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo pangu. Vyelezo vya zama zile vilikuwa fremu za mbao zilizofungiwa mapipa au matangi ya hewa. Eck alidhani risasi zikitoboa yale matangi, maji yataingia na kitu kizima kitakwenda chini. Baharia yeyote wa jahazi angemwambia ubao hautoboki ukazama. Unaweza kuumiminia risasi mpaka uwe chujio, utaelea umelala chini kidogo tu, na vipande vitakavyokatika navyo vitaelea. Kila bomu la mkono liliongeza idadi ya vitu vya kuonekana kutoka angani. Na mafuta ya Peleus yalikuwa yametanda juu ya maji, hayo hata rashasha haiyagusi.

Sisi siku hizi vyelezo vyetu ni vya mpira, vimekunjwa ndani ya kasha jeupe kubwa kama pipa lililolala, pembeni mwa sitaha. Kuna kifaa kidogo chini yake ambacho meli ikizama mita chache, shinikizo la maji hukifanya kikate kamba chenyewe, kasha linapanda juu, linajifungua. Mtu anaweza kuwa amekufa tayari na chelezo chake bado kikamfuata. Katika kampuni moja niliyoifanyia kazi, jina nalihifadhi, tulikuta kasha muda wa ukaguzi umepita miaka miwili, na mtu amelipaka rangi mpya nyeupe juu ya kibandiko cha tarehe. Nilikikwangua kibandiko kile kwa ukucha, herufi moja moja. Sikuwahi kujua aliyepaka alikuwa nani, ila nilijua alikuwa akiogopa nini: ukaguzi. Hakuogopa kuzama.

Tufanye hesabu ya nahodha. Saa tano, chombo kinachokimbia maili 19 kwa saa. Kama Eck angegeuza usukani dakika ile ile aliyomaliza kuhoji, saa saba usiku ingemkuta karibu maili 90 kutoka hapo, akiwa na giza lingine la kutosha mbele yake. Badala yake saa saba ndiyo kwanza anaondoka. Kwa kipimo chake mwenyewe cha usalama wa chombo, weka ubinadamu kando kabisa, alifanya jambo la kijinga.

Chini, mabaharia wa U-852 walinuna. Habari zilikuwa zimeenea chombo kizima. Eck akawahutubia kwa kipaza sauti, akawaambia ameamua kwa moyo mzito, na wakizidiwa na huruma wawakumbuke wake zao na watoto wanaokufa nyumbani kwa mabomu ya ndege. Mabomu yalikuwa kweli yanaua watoto. Hamburg, mji wake, ulikuwa umeungua Julai iliyotangulia. Ila hapakuwa na rubani hata mmoja kwenye vyelezo vya Peleus.

Wanne walikuwa hai kulipokucha. Ofisa mkuu Antonios Liossis, aliyejitupa chini na kuficha kichwa, akajeruhiwa na vipande vya bomu. Kefalas, mkono umeumia vibaya. Mabaharia Dimitrios Argiros na Rocco Said. Walikaa juu ya mbao zile zile zilizopigwa risasi. Kefalas alikufa baada ya siku 25 hivi. Watatu waliobaki waliokolewa tarehe 20 Aprili na meli ya Kireno, Alexandre Silva, ikawashusha Lobito, Angola. Ushahidi ukawa nchi kavu, unaongea.

Sasa nitasema jambo ambalo baadhi ya wasomaji hawatalipenda. Mwezi mmoja kabla ya Peleus, tarehe 12 Februari 1944, meli ya askari Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa dakika mbili tatu. Walikufa watu 1,297, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa vijana wetu, askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Waliofanikiwa kutoka walikuwa majini wakiogelea, na nyambizi imejificha chini yao. Manowari za Kiingereza Petard na Paladin zikaingia katikati ya waogeleaji na kudondosha mabomu ya kulipukia chini ya maji. Bomu la namna ile mtu aliye majini halimhitaji limguse. Maji yenyewe humpasua ndani. Nyambizi ikaibuka, ikazamishwa. Hakuna aliyeshtakiwa.

Na wapo wengine. Nahodha wa Torbay ya Uingereza aliwapiga Wajerumani waliokuwa majini karibu na Krete mwaka 1941, na baadaye akapewa nishani kubwa kuliko zote kwa tendo jingine. Wahoo ya Marekani ilifyatulia watu wa Buyo Maru Januari 1943, na baadhi ya waliokuwa majini walikuwa mateka wa Kihindi, washirika. Hao nao hakuna kesi. Aliyeshindwa ndiye anayepanda kizimbani, hilo halina mjadala.

Lakini siwezi kuziweka Petard na U-852 kwenye mizani moja. Petard ilikuwa na adui hai chini yake, na meli nyingine za msafara zilizojaa watu ziko mbele. Kamanda wake alichagua kati ya vifo na vifo. Eck hakuwa na adui juu wala chini. Alikuwa na usiku mtulivu, na wazo la ndege ambayo huenda ingekuja.

Siku tano baada ya Eck kutimiza miaka 28, tarehe 1 Aprili, alizamisha meli ya pili, Dahomian ya Uingereza, karibu kabisa na Cape Point, Afrika Kusini. Walikufa wawili, wengine wote wakaokotwa. Safari hii hakubaki kufagia mabaki. Aliondoka, na hakuna ndege iliyomkuta.

Iliyomkuta ilikuja mwezi mmoja mbele, mahali pengine kabisa. Alikuwa amepanda na Bahari ya Hindi, amepita mbali na Mombasa, hadi pembe ya Somalia, msimu ambapo kusi linaanza kujikusanya. Asubuhi ya tarehe 2 Mei, Wellington ya kikosi 621 ikaikuta U-852 juu ya maji na kuidondoshea mabomu sita. Nyambizi ikazama, lakini haikuweza kukaa. Maji yalikuwa yanaingia, na maji ya chumvi yakikutana na betri hutoa klorini. Wanaosafisha mabwawa ya kuogelea wanaijua harufu yake, sasa ifikirie imefungiwa ndani ya bomba la chuma na watu 66. Wakaibuka. Baada ya hapo ni kutwa nzima ya ndege za vikosi 621 na 8 kuja kwa zamu, huku Wajerumani wakijibu kwa mizinga ya sitahani, na chombo kikijikokota kuelekea magharibi, kwenye nchi kavu.

Usiku Eck akakipandisha makusudi pwani karibu na Bandar Beyla, kusini ya Ras Hafun. Wakatega baruti. Alfajiri ya tarehe 3 Mei ikalipuka, lakini haikumaliza kazi. Mwili wa nyambizi ukabaki hapo mawimbini, si mzima wala si vipande. Mabaharia wakaogelea na kuelea kwa vyelezo vyao vya mpira hadi ufukweni. Saba walikuwa wamekufa. Hamsini na tisa walikamatwa na askari wa ngamia wa Somaliland pamoja na wanamaji wa Kiingereza waliotua. Waliwekwa chini ya ulinzi, wakasafirishwa, wote hamsini na tisa.

Waingereza wakaingia kwenye mabaki. Wakaipata tiara ya Bachstelze. Wakaipata batli.

Wasiofanya kazi baharini sijui kama wanaelewa uzito wa kitabu hicho. Batli haiandiki hisia. Inaandika saa, mahali ulipo, upepo, hali ya bahari, na lililotokea. Eck alitumia saa tano kufuta alama za Peleus juu ya maji, kisha akateremka, na yeye au mwandishi wake akaweka tarehe na mahali ilipozama kwenye karatasi, kwa kuwa ndivyo batli inavyojazwa. Mficha maradhi kifo humfichua, lakini huyu hakuyaficha hata kidogo. Aliyaandika kwa mwandiko safi na kuyapeleka mwenyewe hadi pwani ya Somalia. Kiapo cha Liossis na wenzake kikawekwa kando ya ukurasa ule, vikalingana.

Kesi ilifanyika Hamburg, mjini kwao Eck, tarehe 17 hadi 20 Oktoba 1945, mbele ya maofisa wa Kiingereza na Kigiriki. Washtakiwa watano. Eck, kwa haki yake, hakujificha nyuma ya mtu. Alikiri kwamba amri ilikuwa yake peke yake, na utetezi wake ukawa ulazima wa kivita. Wakamwita Adalbert Schnee, mmoja wa makamanda mashuhuri wa nyambizi na ndiye aliyemwonya kuhusu njia ile, aje kumtetea. Schnee alieleza hatari zote vizuri. Kisha akaulizwa wewe ungefanya nini, na akaishia kukubali kwamba asingefanya alichofanya Eck.

Wale wengine wanne walisema waliamriwa. Hapo likaletwa jambo la zamani la Wajerumani wenyewe: mwaka 1921 mahakama yao ya Leipzig iliwahukumu maofisa wawili wa nyambizi U-86, iliyoizamisha meli ya hospitali Llandovery Castle mwaka 1918 na kuzipiga mashua zake. Majaji wa Kijerumani walisema amri ambayo kila mtu anaiona ni haramu haimkingi anayeitii. Mshauri wa sheria wa kesi ya Peleus aliwauliza maofisa kama askari alihitaji kuwa na vitabu vya sheria ndani ya nyambizi ili aone kwamba kuwapiga risasi watu wasio na kitu kwenye mbao ni haramu.

Eck, Hoffmann na Weisspfennig walipigwa risasi tarehe 30 Novemba 1945. Lenz alipewa kifungo cha maisha, Schwender miaka 15, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 wote wawili walikuwa wameshaachiwa. Katika vita vile vyote, Eck ndiye nahodha pekee wa nyambizi ya Kijerumani aliyehukumiwa kwa kuwaua waliookoka kwenye meli aliyoizamisha.

Miaka michache iliyopita tulikuwa tunapanda kutoka Mombasa kwenda Salalah, mwezi wa Mei, kama maili sitini nje ya Ras Hafun. Zamu yangu ilikuwa saa sita hadi saa kumi, na ofisa wa zamu alikuwa kijana wa Pemba, mpole, anayependa chai ya tangawizi kuliko usingizi. Nilikuwa nimesimama upande wa kushoto nimeelekea pwani ambayo haionekani.

"Kaka, unatazama nini huko? Rada haina kitu."

"Kuna nyambizi."

Akaweka kikombe. "Tangu lini?"

"Tangu 1944."

Akacheka, akaniambia nimemtia hofu ya bure, kisha akataka nimsimulie, na zamu za usiku ni ndefu. Nilimsimulia yote, tiara, betri, batli, siku zile za juu ya mbao. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikaa kimya muda, halafu akauliza jambo moja.

"Yule injinia aliyekataa. Alipochukua bunduki, alipiga kweli?"

"Alipiga."

Akatazama saa. Ilikuwa karibu saa kumi. Akaenda kwenye meza ya ramani, akavuta batli, akachukua kalamu: mahali tulipo, upepo kusini-magharibi nguvu nne, mawimbi ya wastani, kuonekana kuzuri.